Kinachosogea na kinachotulia: kuboresha shoti za filamu za matofali ya kuchezea

Wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza filamu kwa matofali ya plastiki ya watoto hupata matokeo yanayofanana. Mwanasesere anatembea kweli, lakini picha nzima inawakawaka, ukuta wa nyuma unarukaruka, kivuli cha mbuyu uliojengwa kwa vipande vya kahawia kinazunguka kama mshale wa saa, na mtazamaji anachoka kabla hadithi haijaanza. Kwa kawaida lawama huangukia simu, kwamba ni ya bei ndogo, au matofali, kwamba ni machache. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi lawama hizo hazina msingi, kwa sababu karibu kila kasoro ya shoti za aina hii hutokana na chanzo kimoja: kuna kitu kimebadilika kati ya picha moja na inayofuata bila mtengenezaji kukusudia kibadilike.

Kanuni yenyewe haina mafumbo. Unapanga vitu mbele ya kamera, unapiga picha moja ya mnato, unasogeza kitu kidogo, unapiga nyingine, na unaendelea hivyo mpaka tukio likamilike. Picha hizo zikionyeshwa mfululizo kwa kasi ya kutosha, macho na ubongo huziunganisha kuwa mwendo. Sinema za kawaida huonyesha fremu 24 kwa sekunde, ilhali watengenezaji wengi wa filamu za matofali hutumia 12 au 15, kwa sababu kazi inapungua sana na mwendo bado unakubalika machoni. Kwa fremu 12, dakika moja ya filamu inadai picha 720. Kwa fremu 24 inadai 1,440. Anayeanza achague 12 na abaki nayo tangu shoti ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa hesabu zote za mwendo tutakazoziona zinategemea namba hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba sanaa hii haikusubiri vifaa vya kisasa. Mwaka 1973 watoto wawili wa Denmark, nchi ambako matofali ya LEGO yanatoka, walitengeneza filamu ya safari ya mwezini kwa kamera ya Super 8, yaani kamera ndogo ya mkanda wa filamu, miaka 5 kabla ya kampuni hiyo kuanza kuuza mwanasesere wake mdogo mwenye mikono na miguu inayozunguka. Hawakuwa na njia ya kuona picha waliyopiga mpaka mkanda usafishwe. Mwenye simu ya kawaida leo pale Majengo au Chang'ombe, hapa Dodoma, ana uwezo mkubwa kuliko wao, mradi ajue kuidhibiti.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue hadithi moja fupi na tubaki nayo: basi linaingia stendi ya Dodoma, abiria anashuka, mama muuza zabibu anamsogelea, kapu linaanguka. Wanasesere wawili, basi moja, mbuyu mmoja na kapu dogo vinatosha kabisa.

Tuanze na mwanga, kwa sababu ndio unaoharibu filamu nyingi kuliko kitu kingine chochote, na kwa sababu mji huu una kishawishi chake. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine anga huwa nyeupe na jua ni kali. Mtu huona mwanga huo wa bure ukimiminika dirishani na kudhani amepata taa bora kuliko zote. Lakini jua halikai mahali pamoja. Husogea angani nyuzi 15 kila saa. Shoti ya sekunde 5 ni fremu 60, na kama kila fremu inachukua dakika moja kuipanga na kuipiga, basi shoti hiyo moja imekula saa nzima. Mtazamaji anayeitazama kwa sekunde 5 ataona vivuli vyote vikifagia meza, jambo ambalo katika maisha halisi lingemchukua saa nzima kuliona. Wingu dogo likipita juu ya jua kwa dakika mbili, fremu mbili zitakuwa za giza, na giza hilo litaonekana kama mmweko. Hakuna simu yoyote, hata ya bei ya juu, itakayoponya hali hiyo.

Kwa hiyo chumba kifungwe mapazia mazito, au kazi ifanyike usiku, na mwanga utoke kwenye taa. Taa mbili zinatosha: moja yenye nguvu upande mmoja, ikiwa juu kidogo, ndiyo inayounda kivuli, ya pili, dhaifu au iliyosogezwa mbali, upande wa pili, ili kivuli hicho kisiwe cheusi mno. Plastiki ya matofali hung'aa, na balbu isiyofunikwa huacha doa jeupe kwenye kila kichwa cha mwanasesere. Shuka jeupe jepesi au karatasi nyembamba ikiwekwa kati ya taa na seti, kwa umbali usiohatarisha moto, hulainisha mwanga na kuondoa madoa hayo. Taa zote ziwe za rangi moja. Balbu ya njano ikichanganywa na balbu nyeupe, upande mmoja wa basi utakuwa na rangi ya machungwa na wa pili utakuwa na ubuluu, na kurekebisha jambo hilo baadaye ni kazi ngumu isiyolipa.

Hata taa zenyewe zina tabia yake. Umeme wa gridi ya Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa sababu hiyo taa nyingi, hasa mirija na balbu za LED za bei nafuu, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaweza kuona. Ikiwa kamera inafunguka kwa muda mfupi sana, tuseme sehemu 1 ya 500 ya sekunde, fremu moja itaikuta taa kwenye kilele chake na nyingine itaikuta ikififia, na mara nyingine michirizi ya giza itapita katikati ya picha. Dawa ni kuchagua muda unaobeba mizunguko kamili: sehemu 1 ya 50, au 1 ya 25 ya sekunde, au mrefu zaidi. Kwa kuwa mwanasesere hatikisiki wakati wa kupigwa picha, muda mrefu hauleti ukungu wowote mradi kamera imetulia, na unakuwezesha kushusha ISO, yaani kiwango cha kamera cha kuhisi mwanga, ili chembechembe kwenye picha zipungue. Hii ni faida ambayo mpiga picha wa harusi anaitamani lakini hawezi kuipata, kwa kuwa bibi harusi hakai tuli.

Umeme unapokatika katikati ya shoti, ushauri wangu ni kuacha kila kitu kilivyo na kusubiri. Kubadili taa ya umeme kwa taa ya betri na kuendelea huzaa shoti yenye nusu mbili zisizofanana. Anayeishi mahali ambapo umeme hauaminiki ni afadhali atumie taa za betri tangu fremu ya kwanza, akijua kwamba baadhi yake hufifia kadiri chaji inavyopungua, na hivyo azichaji kabla ya kila shoti.

Chanzo cha pili cha kuwakawaka ni kamera yenyewe. Simu imeundwa kumsaidia mtu anayepiga picha moja: kila mara inapima mwanga upya, inakadiria rangi upya na kutafuta upya mahali pa kuelekeza ukali. Kwa filamu ya picha mojamoja msaada huo ni adui. Mwanasesere mwenye shati jeupe akiingia kwenye picha, simu inaona weupe umeongezeka na kupunguza mwanga wa picha nzima, hivyo ukuta ambao haujaguswa na mtu unaonekana ukiingia giza. Ndiyo maana mambo manne yafungwe kabla ya fremu ya kwanza: muda wa kufunguka, ISO, rangi ya mwanga na umbali wa ukali. Programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Stop Motion Studio, zina sehemu ya kufanya hivyo; kwenye simu nyingi hata kamera ya kawaida hukubali kufunga mwanga na ukali ukibonyeza kioo kwa muda. Programu hizo zina faida nyingine ambayo ni kubwa zaidi: huonyesha fremu iliyotangulia kama kivuli chepesi juu ya kile ambacho kamera inakiona sasa, hivyo mtu huona waziwazi amesogeza nini na kwa kiasi gani. Seti ikigongwa kwa kiwiko, kivuli hicho ndicho kitakachomwezesha kuirudisha mahali pake karibu kabisa na ilivyokuwa.

Kutulia kwa kamera na seti hakuhitaji maelezo marefu. Stendi ya simu ibandikwe mezani kwa selotepu au izuiwe kwa mfuko wa mchanga, na kibao kinachobeba matofali nacho kibandikwe. Meza inayoyumba ni mbaya kuliko sakafu ya saruji, na sioni aibu yoyote katika kufanya kazi nzima ukiwa umekaa chini. Simu isiguswe wakati wa kupiga. Kitufe cha sauti kwenye waya wa spika za masikioni, au rimoti ndogo ya Bluetooth, hufanya kazi hiyo. Mtengenezaji asimame au akae mahali palepale kila fremu inapopigwa, tena akiwa amevaa nguo ya rangi iliyokolea, kwa sababu shati jeupe hurudisha mwanga kwenye seti na huonekana hata kwenye ubavu wa basi unaong'aa.

Upepo na vumbi vya kiangazi cha Dodoma vinastahili tahadhari yake. Upepo hutikisa karatasi ya mandhari ya nyuma, hivyo ibandikwe kwenye ubao au kadibodi ngumu. Vumbi ni gumu zaidi, kwa kuwa kamera iko karibu sana na chembe moja huonekana kubwa kama kokoto. Plastiki ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hupata umeme tuli na kulivuta vumbi zaidi. Brashi laini ya kuchorea inafaa kuliko kitambaa. Kazi hiyo ifanyike kabla ya shoti kuanza. Chembe iliyoonekana baada ya fremu ya ishirini iachwe hapo hadi shoti iishe ikiwa ilikuwepo tangu mwanzo, kwani kitu kinachotoweka ghafla huvuta jicho kuliko kitu kilichokuwepo muda wote.

Yote hayo yakishatulia, ndipo mwendo uliokusudiwa unapoweza kuonekana, na hapa ndipo penye utamu wa kazi. Mwanasesere wa kawaida ana kimo cha takriban sentimita 4. Tukimchukulia kuwa ni mtu wa sentimita 170, basi dunia yake ni ndogo kuliko yetu mara 42 hivi, na uwiano huo ndio ufunguo wa kila hesabu. Mtu anayetembea bila haraka hupiga hatua karibu 2 kwa sekunde, na kila hatua ni kama sentimita 70. Kwa fremu 12 kwa sekunde, hatua moja ni fremu 6. Na sentimita 70 zikigawanywa kwa 42 tunapata milimita 16 au 17. Umbali kati ya kinundu na kinundu kwenye tofali ni milimita 8, kwa hiyo hatua ya mwanasesere ni vinundu viwili. Lakini fremu 6 ndani ya milimita 16 ni chini kidogo ya milimita 3 kwa kila fremu, na vinundu havimruhusu mwanasesere kusimama popote ila kila baada ya milimita 8. Hii ndiyo sababu mwendo juu ya kibao chenye vinundu huonekana wa kurukaruka hata kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Sehemu atakayopita abiria wetu ijengwe kwa vipande bapa visivyo na vinundu, na punje ya gundi laini isiyokauka iwekwe chini ya mguu ili asianguke.

Mwanasesere huyo hana magoti wala viwiko, na kiuno chake hakigeuki. Ana shingo, mabega, viganja na nyonga tu. Upungufu huo hauzuii uigizaji, ila unadai mpango. Miguu inapopanuka mwili hushuka kidogo, na inapokutana mwili hupanda. Kushuka na kupanda huko kuachwe, kwa sababu ndiko kunakoupa mwendo uzito. Mikono ibadilishane na miguu. Anapotaka kugeuka, kichwa kitangulie kwa fremu mbili au tatu, kisha mwili ufuate, kwani mtu halisi hutazama kabla hajaelekea. Pia apewe nafasi ya kutulia: abiria akishashuka, asimame bila kusogea kwa fremu 6 hadi 12 huku akitazama stendi. Waanzao huogopa utulivu na kusogeza kila kitu katika kila fremu, na hapo mtazamaji hajui amtazame nani.

Basi nalo lina sheria yake. Vitu vizito haviondoki wala kusimama ghafla. Tukilisogeza basi milimita 12 kwa kila fremu, kwa uwiano wetu hiyo ni kasi ya kama kilomita 22 kwa saa, ambayo inafaa kwa gari linaloingia stendi. Linapokaribia kusimama, misogeo ipungue: milimita 12, kisha 9, 6, 4, 2, na mwisho 1. Njia ya uhakika ni kuchora alama hizo kwenye ukanda wa karatasi na kuubandika pembeni mwa barabara, nje ya eneo linaloonekana na kamera, na kulipeleka basi kutoka alama moja hadi nyingine. Makadirio ya macho huchoka baada ya dakika chache, karatasi haichoki.

Kapu linaloanguka hufuata kanuni aliyoieleza Galileo katika karne ya 17: katika vipindi vya muda vilivyo sawa, kitu kinachoanguka kutoka kwenye utulivu hupita umbali unaokua kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Tuseme kapu linadondoka kutoka dirisha la basi, urefu wa mita 2 katika dunia ya mwanasesere. Katika maisha halisi anguko hilo huchukua kama theluthi mbili ya sekunde, yaani fremu 8. Mita 2 zikigawanywa kwa 42 ni karibu milimita 48. Jumla ya 1, 3, 5 hadi 15 ni 64, kwa hiyo sehemu moja ni robo tatu ya milimita. Fremu ya kwanza kapu lishuke chini ya milimita 1, ya pili zaidi kidogo ya milimita 2, na ya mwisho zaidi ya milimita 11. Kapu likishushwa kwa milimita 6 sawasawa kila fremu litaonekana likishushwa kwa kamba. Likifuata uwiano huu litaonekana limeanguka, na mtazamaji ataliamini bila kujua kwa nini.

Ila kapu halikai hewani lenyewe. Hushikiliwa kwa waya mwembamba au nguzo ya matofali, na kabla ya shoti hupigwa picha moja ya mandhari matupu, bila kapu wala kishikio. Baadaye, katika kuhariri, sehemu yenye waya hufutwa na sehemu hiyohiyo ya picha tupu hujitokeza mahali pake. Hila hii hufaulu pale tu mwanga na kamera havijabadilika, na hapo tunarudi kwenye masharti yaleyale ya mwanzo: anayepuuza utulivu hupoteza pia uwezo wa kumrusha mwanasesere hewani.

Kuhusu mahali pa kuweka kamera, kosa linaloonekana mara nyingi ni kutazama kutoka juu, jinsi mtu mzima anavyotazama vitu vya watoto vilivyo mezani. Kamera ishuke mpaka usawa wa macho ya mwanasesere, yaani sentimita 3 na nusu hivi kutoka sakafu ya seti. Kwa kuwa lenzi ya simu huwa karibu na ukingo wa juu, simu ikigeuzwa juu chini lenzi hufika chini kabisa, na picha hugeuzwa baadaye kwenye programu. Kutoka hapo basi linakuwa kubwa, mbuyu unakuwa mti, na karatasi yenye picha ya vilima vya mawe, ikiwekwa sentimita 30 nyuma ya seti ili vivuli visiifikie, inakuwa upeo wa macho. Picha hiyo ichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa. Mazungumzo ya abiria na mama muuza zabibu yapigwe yote kutoka upande uleule wa mstari unaowaunganisha; kamera ikivuka mstari huo, wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Limebaki suala la sauti, ambalo wengi huliacha mwisho ilhali mazungumzo yanafaa kurekodiwa kabla ya fremu ya kwanza. Sentensi ya sekunde 2 ni fremu 24, na mtengenezaji akiisikiliza polepole anaweza kuandika kila silabi inaangukia fremu ipi. Midomo ya wanasesere imechorwa na haifunguki, kwa hiyo kauli hubebwa na kichwa na mkono, na Kiswahili hurahisisha kazi hiyo kwa sababu mkazo wa maneno yetu, isipokuwa machache, huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mama anaposema "zabibu tamu", kichwa kiinamie kwenye "bi" na mkono uinuke kwenye "ta", na ishara ianze fremu moja kabla ya silabi yenyewe, kwani mwili wa mtu anayezungumza huelekea kutangulia sauti yake kidogo. Sauti za vitu huongezwa baadaye: kishindo cha kapu kiwekwe kwenye fremu ileile ambayo kapu limegusa ardhi, hatua za abiria kwenye fremu ambazo mguu umetua, na mlio wa stendi urekodiwe kwa simu katika stendi halisi, kwa dakika mbili au tatu mfululizo, ili uenee chini ya shoti zote bila kukatika kila kamera inapobadilisha mahali.